Kabla Hujasaini Mkataba wa Kazi, Piga Hesabu ya Makato

Mwajiri akikuambia "tutakulipa milioni moja kwa mwezi", ujue kuna namba tatu hapo naye amekutajia moja tu. Kuna fedha anazotoa yeye kwa ajili yako, kuna hiyo milioni itakayoandikwa kwenye mkataba, na kuna kile kitakachoingia kwenye akaunti yako mwisho wa mwezi. Pengo kati ya anachotoa yeye na unachopokea wewe ndilo linaloeleza mambo mengi ambayo watu huyaita roho mbaya ya bosi: kwa nini haajiri mtu wa kumi, kwa nini anapenda kumwita mfanyakazi wake "mshauri", kwa nini nyongeza ikitangazwa kwa shangwe haionekani mfukoni.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, kwa mtu wa sekta binafsi, na unatumia viwango vya mwaka wa fedha 2025/26. Viwango hubadilika bajeti inapopita, kwa hiyo shika njia ya kupiga hesabu; namba za mwaka wako utazihakiki kwa mamlaka ya mapato, TRA, na mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF.

Tuanze na hiyo milioni. Kinachotoka kwanza ni mchango wa NSSF. Mchango mzima ni asilimia 20 ya mshahara. Mwajiri anaruhusiwa kukukata hadi asilimia 10, na iliyobaki anatoa yeye. Kwako zinatoka 100,000. Kodi ya mapato ya ajira, ile PAYE, inapigwa kwenye 900,000 zilizobaki, si kwenye milioni nzima. Wengi hukosea hapa, wakaenda kugombana na mhasibu bure. Kodi yenyewe hupanda ngazi kwa ngazi. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu. Kipande cha kutoka hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, kinachofuata hadi 760,000 asilimia 20, hadi milioni moja asilimia 25, na kila kinachozidi milioni asilimia 30. Kwa 900,000 kodi inakuwa 103,000. Unabaki na 797,000.

Sasa hamia upande wa mwajiri. Juu ya milioni yako anaongeza 100,000 za NSSF. Akiwa na wafanyakazi 10 au zaidi, analipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5: hizo ni 35,000. Anapeleka pia nusu asilimia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, yaani 5,000. Jumla unamgharimu 1,140,000.

Pengo ni 343,000, kama asilimia 30 ya anachotoa. Lakini usikimbilie kusema serikali imekula yote hayo. Shilingi 200,000 kati yake zimeandikwa kwa jina lako NSSF, na 5,000 za WCF ni bima yako ukiumia kazini. Kodi hasa, ile ambayo ukishaitoa huna dai lolote juu yake, ni 103,000 na 35,000. Tofauti hii ya kodi na mchango ishike vizuri, maana ndiyo inayoamua watu watafanya nini.

Nani analipa ile asilimia 10 ya mwajiri?

Kwenye karatasi ni mwajiri. Kwenye soko la ajira, mara nyingi ni wewe. Mwenye kampuni anapopanga bajeti hajiulizi mshahara wako ni kiasi gani. Anajiuliza mtu huyu atanigharimu kiasi gani na ataniingizia kiasi gani. Akiwa na 1,140,000 za kutumia, kila shilingi inayokwenda NSSF au SDL haiwezi tena kuwa mshahara.

Hili limepimwa. Chile ilipobadilisha mfumo wake wa pensheni mwaka 1981, makato yaliyokuwa yakibebwa na waajiri yalishuka ndani ya miaka michache kutoka asilimia 30 hadi 8.5 ya mishahara. Mchumi Jonathan Gruber alifuatilia viwanda vya huko, na utafiti wake uliotoka 1997 ulionyesha kwamba mishahara ilipanda karibu kwa kiasi kile kile makato yalichoshuka, huku idadi ya walioajiriwa ikibaki pale pale. Maana yake, mzigo ule ulikuwa wa wafanyakazi siku zote, ingawa aliyekuwa akipeleka fedha ni tajiri.

Colombia hadithi ilikwenda kinyume. Huko makato yalipandishwa, na utafiti wa Adriana na Maurice Kugler wa 2009 ulionyesha kuwa kila makato yalipopanda kwa asilimia 10, mishahara ilishuka kwa takriban asilimia 1.4 hadi 2.3 tu, lakini ajira rasmi zilipungua kwa asilimia 4 hadi 5. Kwa nini tofauti hii? Sababu mojawapo ni kima cha chini cha mshahara: pale sheria inapomzuia mwajiri kushusha mshahara ili afidie makato, anachoweza kupunguza ni watu.

Hapo ndipo utajua uko Chile au uko Colombia. Ukiwa mhandisi, mhasibu au fundi ambaye mshahara wake hujadiliwa, uko Chile: makato ya mwajiri yatakula nyongeza yako polepole, ila kazi utakuwa nayo. Ukiwa unalipwa kima cha chini au karibu yake, uko Colombia: mshahara wako unalindwa na sheria, nafasi yako hailindwi.

Na kima cha chini chetu kimeruka. Kuanzia Januari 2026 wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi umepanda kutoka 275,060 hadi 358,322. Angalia kilichotokea upande wa kodi. Mwenye 275,060 akishakatwa NSSF alibaki na takriban 247,550, chini ya 270,000, kwa hiyo hakulipa PAYE hata senti. Mwenye 358,322 anabaki na takriban 322,490, na tayari anadaiwa kodi kama 4,200 kila mwezi. Kiasi ni kidogo, sikatai. Lakini mtu anayelipwa kima hicho cha chini ameingia kwenye orodha ya walipa kodi ya mapato kwa sababu mshahara ulisogea na kizingiti cha 270,000 hakikusogea. Kwa maoni yangu hilo lilistahili kuzungumzwa Mei Mosi kwa sauti kubwa kuliko asilimia ya nyongeza. Mei Mosi ya mwaka 2021, pale Mwanza, wafanyakazi walishangilia PAYE kushushwa kutoka asilimia 9 hadi 8. Piga hesabu: asilimia moja ya kipande cha 250,000 ni shilingi 2,500 kwa mwezi, na hakuna aliyepata zaidi ya hapo, awe karani au mkurugenzi.

Laki moja ikiongezwa, inafika ngapi?

Hesabu hii ni muhimu kuliko ile ya mshahara mzima, kwa sababu maamuzi mengi ya kazi hufanywa pembezoni: nikubali cheo, nifanye saa za ziada, nihamie tawi la Dodoma?

Tuseme wewe wa milioni moja umeongezwa 100,000. NSSF inachukua 10,000. Kwenye 90,000 zilizobaki PAYE ya asilimia 25 inachukua 22,500. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kila mwezi hadi deni liishe, kwa hiyo 15,000 nyingine zinaondoka, na makato hayo hayapunguzi kodi. Kinachofika kwako ni 52,500. Mwajiri kwa upande wake ametoa 114,000. Kila mmoja wenu anaweza kutoka kwenye kikao cha nyongeza akiamini mwenzake ni bahili, na wote wawili mkawa na haki.

Mkopo si kodi. Ulikula fedha, unarudisha. Ila kwenye slipu ya mshahara unafanya kazi kama kodi, na kijana mwenye shahada anayepewa chaguo la kulipwa mkononi bila mkataba anaiona hiyo asilimia 15 waziwazi. Ukiwa ndiye wewe, kumbuka deni haliondoki kwa kujificha.

Kwa sababu nyongeza ya fedha taslimu inachujwa hivi, omba vitu ambavyo havichujwi. Sheria ya kodi ya mapato haihesabu matibabu na bima ya afya kama sehemu ya mapato yako, sharti mwajiri aitoe kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi. Chakula kinachotolewa kazini kwa masharti hayo hayo vilevile. Bima ambayo ungeinunua mwenyewe kwa fedha zilizokwisha kukatwa kodi ni ghali kwako kuliko ile anayoinunua mwajiri kwa ajili ya kundi zima. Kwenye mazungumzo, wenzako wakikuunga mkono, hili hukubaliwa haraka kuliko laki moja.

Neno la haraka kwa wenye kazi mbili: ajira ya pili haina ngazi. Inakatwa asilimia 30 moja kwa moja kuanzia shilingi ya kwanza.

Mtu wa kumi

SDL ina ukingo. Kabla ya 2021 ilimgusa mwajiri mwenye watu wanne. Tangu mwaka huo ni watu kumi. Nia ilikuwa njema, biashara ndogo zipumue. Lakini ukingo hauondoki, unahama tu.

Chukua karakana yenye watu tisa, kila mmoja analipwa 400,000. Kila mtu anamgharimu mwenye karakana 442,000: mshahara, NSSF na WCF. Akimwajiri wa kumi kwa mshahara ule ule, SDL inaanza kutozwa kwenye mishahara ya wote kumi, milioni nne nzima, yaani 140,000 kwa mwezi. Mtu wa kumi anagharimu 582,000. Hana kosa lolote, amefika tu akiwa wa kumi.

Mwenye karakana atafanya nini? Wengine watawapa wale tisa saa za ziada. Wengine watafungua kampuni ya pili kwa jina la mke. Wengine watamchukua deiwaka na kumlipa mkononi jioni, ingawa kwa sheria kibarua naye huhesabiwa. Ukipeleka maombi mahali pa watu tisa na ukaambiwa "tutakuita", huenda sifa zako hazina tatizo. Uliza wako wangapi. Mahali penye watu 15 au 20 tayari wamevuka ukingo, na wewe utawagharimu gharama yako tu.

Na wewe mwenye karakana unayesoma hapa: ukiona mtu wa kumi atakuingizia zaidi ya 582,000, mchukue, tena haraka ufike wa 11 na wa 12, ambao kila mmoja atagharimu 456,000. Kukaa kwenye tisa miaka mitano ili kukwepa 140,000 ni hesabu ya kuogopa, na biashara nyingi zimedumaa hapo.

"Utakuwa mshauri wetu"

Njia nyingine ya kukwepa pengo ni kubadilisha jina la uhusiano. Unaambiwa hutakuwa mwajiriwa, utakuwa mshauri au mtoa huduma wa kujitegemea. Unakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 tu, kwa hiyo kwenye milioni unapokea 950,000. Ukilinganisha na 797,000 za mwajiriwa, inaonekana umeshinda kwa 153,000.

Hesabu tena. Zile 200,000 za NSSF hazipo. Siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo hazipo. Fidia ya kuumia kazini haipo. Na asilimia 5 ile ni malipo ya awali, haikumalizii kodi. Mwisho wa mwaka unatakiwa kuwasilisha ritani na kulipa tofauti. Mwajiri ameokoa 140,000 kila mwezi. Ukikubali utaratibu huu kwa bei ile ile ya milioni, umemzawadia. Kiwango cha haki kinaanzia 1,140,000, kisha ongeza thamani ya likizo na bima ya afya.

Na kama kazi yenyewe ni ya kuripoti saa mbili asubuhi, kufuata maelekezo ya meneja, kutumia vifaa vyao na kumtumikia huyo mmoja tu, jina "mshauri" halimsaidii sana mwajiri. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu wa namna hiyo kuwa mwajiriwa hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inajua habari hizi. Ukiachishwa, peleka lalamiko ndani ya siku 30.

Mchango unapogeuka kodi

Nilisema 200,000 za NSSF ni zako. Zinakuwa zako ukiamini utazipata. Mfanyakazi anayeamini hivyo yuko tayari kupokea kidogo mkononi, na mchango hauharibu ajira. Asiyeamini anauona kama kodi nyingine, atatafuta bosi wa kumlipa taslimu, na bosi wa hivyo hakosekani. Kwa hiyo kila ugomvi wa mafao ni ugomvi wa soko la ajira, hata kama waziri anayejibu ni mwingine.

Tumeuona ugomvi huo mara kadhaa. Mwaka 2012 mabadiliko ya sheria yaliyofunga mlango wa kujitoa kabla ya uzee yalipingwa vikali, hasa migodini, ambako kazi ni ya mikataba na mtu akiachishwa hana uhakika wa nyingine. Mwaka 2018 mifuko minne iliunganishwa kuwa PSSSF kwa watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi. Kanuni mpya zilikuja na kikokotoo, yaani njia ya kukokotoa mafao, chenye mkupuo wa asilimia 25 unaolipwa mara moja mtu anapostaafu, kelele zikapigwa, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli akakisimamisha. Julai 2022 kikaja kingine, mkupuo wa asilimia 33 kwa wote. Bajeti ya 2024 ikapandisha hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa kwenye 25. Kanuni ikibadilishwa mara tatu ndani ya miaka sita, usimshangae kijana wa miaka 25 anayesema pensheni ni ya wazee.

Hata hivyo, mimi ningebaki ndani. Pensheni ya uzee inadai miezi 180 ya michango, na umri wa miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Miezi 180 ni miaka 15. Kila mwaka unaolipwa mkononi unakurudisha nyuma, na ukifika 50 hakuna bosi atakayekurudishia.

Kuna pia fao la kukosa ajira, ambalo wengi hawalijui hadi waachishwe. Ukiwa umechangia angalau miezi 18 na kazi imeisha bila wewe kuacha kwa hiari, unaweza kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Zingatia hayo maneno "bila kuacha kwa hiari". Mwajiri anayepunguza watu mara nyingi atakushawishi uandike barua ya kujiuzulu "ili mambo yaishe vizuri". Barua hiyo inakufungia fao. Usiiandike.

Jambo la uzazi nalo ni la hesabu hizi hizi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na mshahara wa siku hizo unatoka kwa mwajiri wake. NSSF ina fao la uzazi, lakini halimwondolei mwajiri mzigo huo. Gharama ikimwangukia mwajiri mmoja mmoja badala ya kugawanywa na waajiri wote kupitia mfuko, dada wa miaka 28 anaulizwa kwenye usaili kama ameolewa. Kumbagua kwa sababu hiyo ni haramu kisheria, lakini swali litaendelea kuulizwa hadi gharama ihamishiwe kwenye mfuko mzima.

Kwa msomaji wa Kenya, njia ya hesabu ni hii hii, majina tu tofauti. NSSF ni asilimia 6 kwa kila upande, na kikomo chake kimekuwa kikipanda kila mwaka tangu 2023. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara mzima bila kikomo tangu Oktoba 2024, na inatoka kwa mfanyakazi peke yake. Ada ya nyumba ni asilimia 1.5 kwako na 1.5 kwa mwajiri. Hii ya mwisho ndiyo mfano safi wa mchango uliozaliwa ukiwa kodi, kwa kuwa unailipa bila kuahidiwa nyumba. Mahakama Kuu iliitupa Novemba 2023, ikarudi kwa sheria mpya Machi 2024.

Sasa rudi kwenye mkataba ulio mbele yako. Uliza mambo manne kwa maandishi: mshahara ghafi ni kiasi gani, na kati yake wa msingi ni kiasi gani; mwajiri atakata asilimia ngapi ya NSSF; bima ya afya iko au haiko; na wewe ni mwajiriwa au mtoa huduma. Ukishaanza kazi, usiridhike na slipu inayoonyesha umekatwa. Kukatwa na kupelekwa ni mambo mawili. Mwajiri anapaswa kuwasilisha mchango wa mwezi ndani ya mwezi unaofuata, kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu hakiki salio lako NSSF. Ukikuta mwezi haupo, andika barua kwa mwajiri na nakala NSSF wakati bado ungali kazini na slipu bado unazo, maana kampuni ikishafungwa utakuwa unadai makabati.